Siku moja zizini Kajiado: Septemba, mikia imelegea

Saa 12 asubuhi. Mizani ya kuning'iniza inafungwa mtini kabla kondoo hawajala wala kunywa. Aliyeshiba anabeba kilo kadhaa zisizo zake, maji na majani tu. Tunapima wale wale kumi wenye hereni za alama masikioni, kila wiki mbili, saa ile ile.

Saa 1. Hapa mkono ndio unaosema kweli. Gumba juu ya uti wa mgongo, vidole nyuma ya ubavu wa mwisho. Ncha za mifupa zikichoma, huyo ni alama 1 kati ya 5 za unene. Zikiwa butu na unabonyeza kidogo ndipo uzifikie, ni 2 au 3. Kwa kondoo mwekundu wa Kimaasai kiuno pekee hakitoshi, maana akiba yake iko mkiani na matakoni. Shika shina la mkia. Baada ya masika huwa limejaa na gumu; sasa ngozi inakunjika kama mfuko wa unga uliobaki nusu. Huo si ugonjwa, ndiyo kazi ya mkia. Ila mafuta yanampa nguvu tu, protini hayana. Protini ikikosekana malishoni, mwili unaanza kula nyama ya kiuno na mapaja, na nyama hiyo hairudi upesi.

Kondoo wa Dorper ni habari nyingine. Alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, akaenezwa kwa wingi Kenya kuanzia miaka ya 1970. Anakua haraka na sokoni analipa, hilo halina ubishi. Lakini jike wa kilo 55 anataka karibu kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku, na mwekundu wa kilo 32 hafiki kilo moja. Malisho yakiisha, mkubwa ndiye anayekonda kwanza. Ukitaka bei, changanya damu kidogo. Kumaliza wekundu wote zizini ni kamari.

Saa 2. Tunafunua kope. Aliyekonda na kope nyekundu ana njaa. Kope zikiwa nyeupe, shuku minyoo inayonyonya damu. Mwekundu anaistahimili minyoo hiyo kuliko Dorper. Dawa wapewe wenye kope nyeupe tu.

Saa 3 wanatoka.

Saa 6 mchana. Maganda ya oltepesi, yaani mgunga, yanaangushwa kwa upondo wenye ndoano, matawi hayakatwi. Yapondeni, kwa sababu mbegu nzima ni ngumu na hutoka na kinyesi jinsi ilivyoingia. Gramu 200 kwa kila kondoo zinatosha. Nyasi za Septemba zikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vijidudu vya tumboni vinakosa chakula, majani yanakaa siku nyingi bila kusagika, na kondoo anaacha kula. Ndiyo maana unamwona tumbo ngoma, mgongo kisu. Kumwongezea hei tupu hakusaidii. Maganda kidogo yanamfanya ale nyasi zile zile zaidi.

Saa 8. Maji, siku moja ndiyo, moja hapana.

Saa 10. Tofali la molasi na yurea, ile ya mbolea, wanalilamba wakishatoka malishoni, kamwe si kwa njaa. Lisivunjwe, lisiloweshwe, yurea iliyoyeyuka majini huua upesi. Ukiona anatetemeka, tumbo limevimba na povu linatoka, mnyweshe nusu lita ya siki mara moja. Wana wachanga wasilisogelee.

Saa 12 jioni. Kuhesabu na kutenga. Dume amefungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo hadi Juni, ili majike wazae Novemba mvua za vuli zikianza, maana mimba ni miezi mitano. Ngozi ikifunguka Aprili bila mtu kuona, majike wanazaa sasa, wakati mbaya kuliko wote. Hao wanatangulizwa kwenye maganda, hasa wenye mapacha.

Saa 3 usiku, tochi. Tunamtafuta jike mwenye mimba anayejitenga, anayesaga meno, pumzi yake ina harufu tamu: mafuta yanayeyuka kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Si wembamba peke yao; mnene aliyekosa chakula ghafla huanguka pia. Gliserini mililita 60 mdomoni, asubuhi na jioni, angali amesimama. Asiyeinuka hata akimulikwa usoni hasubiri kukuche.