Santuri ya Wahipi wa Costa Mesa

Kati ya santuri zangu za muziki wa Injili, ile ambayo wageni huiulizia zaidi ni The Everlastin' Living Jesus Music Concert, mkusanyiko wa makundi mbalimbali uliotolewa mwaka 1971 na Maranatha! Music, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka huohuo chini ya kanisa la Calvary Chapel la Costa Mesa, California. Jina hilo refu halikudumu, kwani matoleo ya baadaye yaliitwa Maranatha! 1 tu, na ndiyo maana wakusanyaji huitafuta nakala yenye jina la mwanzo. Mimi sikuinunua kwa sababu ya uadimu wake. Naithamini kwa kuwa waliomo walirekodi kabla muziki wa roki wa Kikristo haujawa biashara yenye kanuni zake, na hali hiyo inasikika.

Mchungaji Chuck Smith alipolipokea kanisa hilo mwaka 1965, waumini walikuwa kama 25 hivi. Mwishoni mwa mwongo huo fukwe za kusini mwa California zilijaa wahipi, vijana wenye nywele ndefu ambao wengi wao walikuwa wamechoshwa na dawa za kulevya na maisha ya kutangatanga, nao wakaanza kuingia kanisani wakiwa peku. Inasimuliwa kwamba baadhi ya waumini waliingiwa na wasiwasi kuhusu zulia, na Smith akajibu kwamba kama tatizo ni zulia, basi na ling'olewe. Kufikia mwaka 1971 jengo lilikuwa limeelemewa, ibada zikahamia kwenye hema kubwa, na umati ukawa unabatizwa baharini huko Corona del Mar. Mwezi Juni mwaka huo jarida la Time liliweka habari za vijana hao kwenye jalada lake.

Wahipi hao walikuja na magitaa yao, na Smith, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 40 na mwenyewe hakuwa mtu wa roki hata kidogo, aliwaachia nafasi ya kuyapiga. Swali lilikuwa ni nani angewarekodi. Mwimbaji Larry Norman alikuwa ametoa albamu ya roki ya Kikristo mwaka 1969 kupitia kampuni kubwa ya Capitol, lakini mauzo yalikuwa hafifu na kampuni ikaachana naye, kwa hiyo milango ya kampuni kubwa haikuonekana kuwa wazi. Makundi ya Costa Mesa nayo yalikuwa machanga, na mengi hayakuwa na nyimbo za kujaza albamu nzima. Mkusanyiko ulikuwa njia ya kuchangishana: kila kundi likatoa kilicho bora kwake, kanisa likasimamia shughuli, na wote wakapata santuri moja. Humo wamo Love Song, Children of the Day, Debby Kerner, Selah, Gentle Faith, Country Faith, The Way na Blessed Hope.

Nikisema kweli, hawalingani hata kidogo. Love Song wanawazidi wenzao kwa mbali, na si ajabu, kwa sababu kiongozi wao Chuck Girard alikuwa mwimbaji wa studio aliyekwisha kusikika redioni mwaka 1964 katika wimbo wa The Hondells uitwao "Little Honda". Wimbo wao humu, "Little Country Church", unasimulia habari za kanisa dogo ambamo wenye nywele ndefu wanakaa pamoja na waliovaa koti na tai. Sauti zimepangwa kwa ustadi kiasi kwamba msikilizaji anaweza kusahau kwamba maneno yenyewe ni kama taarifa ya jambo lililokuwa likitokea kanisani kwao kila juma. Anayetarajia magitaa ya umeme yenye kishindo atasikitika, kwa maana roki hii ni ya upole na imeegemea gitaa kavu. Nyimbo nyingine ni za kawaida tu, na moja au mbili huwa nazivumilia.

Wimbo uliosafiri mbali zaidi ni "For Those Tears I Died" wa Children of the Day. Marsha Carter, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Marsha Stevens, aliutunga mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 16, nao ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndoa yake ilivunjika, akatangaza kwamba anavutiwa na wanawake wenzake, na mwenyewe amesimulia jinsi watu walivyouchana ukurasa wa wimbo huo katika vitabu vyao na kumtumia kwa posta. Kila msomaji atakuwa na msimamo wake kuhusu maisha yake, lakini kitendo cha kuurudisha wimbo kwa mtunzi kama barua isiyotakiwa sijawahi kukielewa. Kwenye santuri, sauti ya msichana yule bado ipo palepale.

Nakala yangu niliipata katika duka la mitumba huko Santa Ana, ikiwa na muhuri wa maktaba ya kanisa fulani nyuma ya jalada na alama za vidole zilizokauka kwenye upande wa kwanza. Nyingi za aina hii huwa katika hali hiyo, kwa sababu zilipigwa kwenye kambi na mikutano ya vijana, kwa sindano nzito zisizohurumia mifereji, ile mikwaruzo myembamba inayobeba sauti. Anayetaka kununua asiridhike na dakika ya kwanza ya kila upande. Karibu na ukingo mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, ilhali karibu na lebo kasi hushuka hadi chini ya nusu ya hapo na sauti hubanwa kwenye kipande kifupi zaidi cha mfereji, hivyo uchakavu hudhihirika zaidi kwenye wimbo wa mwisho, ambako sauti za "s" huanza kukwaruza. Muuzaji akikataa kuipiga mpaka mwisho, mwambie ashushe bei au muachie santuri yake. Anayetaka nyimbo tu, atosheke na toleo la Maranatha! 1, ambalo si ghali sana.