Mradi wa baiskeli Julai: Lushoto, Pemba au Matema?

Aprili, mvua haijakatika

Tumekubaliana na wifi kwamba likizo ya Julai hatuendi kukaa hotelini kuangalia bahari. Tunaendesha baiskeli, humu humu nchini, kwa pesa tuliyonayo. Swali ni wapi. Ramani ya Tanzania iko ukutani jikoni na kalamu nyekundu imening'inizwa kwa uzi, kila anayepita anazungushia anapopapenda. Sasa nusu ya nchi ina duara.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufuta. Mikumi imetoka mapema, ingawa kwetu Morogoro ndiyo jirani. Barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhini kwa kilometa zipatazo 50, na ukiwa ndani ya basi ni raha tupu: twiga, nyati, tembo kando ya lami. Juu ya baiskeli mambo ni mengine. Tembo hana haraka ya kukupisha, na malori ya Tunduma ndiyo kabisa. Mibuyu ya Ruaha Mbuyuni na mlima Kitonga navyo nimevifuta kwa sababu ya malori hayo hayo. Kitonga napapenda mno, nikiwa kiti cha dirishani.

Katika kufuta ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia tangu hapo: tafuta mahali ambapo barabara inaishia. Lori la masafa marefu haliingii njia isiyotokea upande wa pili. Anayepanda Lushoto kutoka Mombo ana shughuli yake huko huko milimani. Matema ni mwisho wa safari, mbele yako ni Ziwa Nyasa na safu ya Livingstone. Pemba na Ukerewe zimezungukwa na maji. Nikabakiza hayo manne.

Ukerewe haikukaa sana kwenye orodha. Kisiwa chenyewe kinafaa na wenyeji wake baiskeli wanaijua, lakini kutoka Morogoro hadi Mwanza, kisha meli hadi Nansio, likizo inaliwa na safari. Labda siku tukialikwa harusi ya kule.

Mei

Matema imenisumbua kuliko zote. Kwenye karatasi hakuna kinachoishinda. Unaanzia Mbeya, unavuka vilele vya Uporoto kwenye baridi na viazi, unashuka Tukuyu kwenye chai na migomba, Mlima Rungwe ukiwa pembeni, halafu unaporomoka hadi Kyela kwenye mpunga na kakao. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, ziwa liko chini ya mita 500. Kwa siku chache unapita hali ya hewa za nchi tatu.

Shida ni kwamba lami hiyo ndiyo njia ya Kasumulu, mpakani na Malawi, kwa hiyo malori yale yale tuliyoyakimbia Mikumi yanatusubiri huku, na huku yana miteremko. Njia ya kuyakwepa ipo: ukifika Tukuyu unaiacha lami, unapita Masoko penye ziwa la volkano, unatokea Ipinda, kisha Matema. Sehemu yake ni ya vumbi, na Tukuyu ni mji unaosifika kwa mvua, kwa hiyo vumbi hilo likilowa ni tope la kubebea baiskeli begani. Julai kuna nafuu. Naibakiza, ila si kwa safari ya kwanza na mtu ambaye hajawahi kulala njiani na baiskeli.

Pemba ndiyo chaguo la wifi. Yeye ni mtu wa Tanga, bila harufu ya bahari anaona hajapumzika. Anayedhani Pemba ni tambarare kama mashariki ya Unguja atapata somo: ni vilima vifupi vifupi vya kukata pumzi, unapanda, unashuka, hujapumua unapanda tena. Lakini kivuli kipo, njia za ndani hazina msongamano, na msimu wa karafuu ukifika utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, unaendesha ndani ya harufu.

Kwa Pemba nimeandika kitu kimoja kwa herufi kubwa: KUSI. Julai upepo unatoka kusini, kwa hiyo mtu ashukie bandari ya Mkoani, apande Chake Chake, Wete, hadi Konde na msitu wa Ngezi, upepo ukimsukuma mgongoni muda wote. Anayeanzia kaskazini atakula upepo usoni hadi achukie kisiwa bure. Kurudi Mkoani unapandisha baiskeli juu ya gari, hakuna aibu.

Juni, kwa fundi

Lushoto inaongoza, ila kabla ya kuamua nilitaka kujua kama baiskeli zetu zinaiweza. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa 33 hivi, na unapanda takriban mita 1,000. Ukigawanya inaonekana si kitu, mita 3 kwa kila mita 100. Lakini mlima haujagawanywa sawa: sehemu kubwa ya kupanda iko kabla ya Soni, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili.

Baiskeli zetu ni mtumba wa Japani. Sproketi ndogo ya mbele ina meno 28 na kubwa ya nyuma ina 28, yaani pedali ikizunguka mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja, unasogea kama mita mbili. Polepole kuliko mtu anayetembea kwa hasira, lakini unasogea. Nikamweleza fundi, nikitegemea atanishauri gia. Hata hakuziangalia.

"Dada, kupanda si tatizo. Ukishindwa utashuka, utasukuma. Kazi ni kurudi."

Akachomoa raba za breki za nyuma, akazigeuza juani. Kwenye raba kulikuwa na vipande vidogo vya alumini vinavyong'aa, vimejikita humo vikitoka kwenye rimu yenyewe. Akavidonoa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano ya kushonea viatu, akasugua raba kwa msasa, akaeleza kwamba mchanga ukiingia humo kila unapofunga breki unakuwa unaikata rimu. Kwa mteremko mrefu akasema: funga, achia, funga, achia, usiing'ang'anie, rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka. Halafu akanitoza ya kubadilisha raba zote nne.

Jaribio tumelifanya hapa hapa, njia ya Morningside. Ni mbovu kuliko ya Lushoto na ina mwinuko mkali, akina mama wanashuka na mboga kichwani huku wanatucheka. Kupanda, wifi alisukuma sehemu kubwa. Kushuka, breki zilishika vizuri na hakuna kilichonuka.

Juni, mwishoni

Imeamuliwa: Lushoto. Pemba ni mwakani, nimetia sahihi ukutani ili wifi asinidai kwa maneno.

Mpango ni basi hadi Mombo na kulala hapo, tuanze kupanda alfajiri jua halijawa kali. Soni tunasimama kwenye maporomoko na kunywa chai, Lushoto tunafika bila kukimbizana na mtu. Siku inayofuata ni Irente, kwenye genge la kutazamia bonde, bila mizigo, kisha tunapita msitu wa Magamba kwenda Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi iko chini ya miguu yako. Gari za kuchunga njiani ni zile Canter za kabichi na karoti zinazowahi soko. Ukisikia honi kabla ya kona, pisha.

Julai kule ni kipupwe na ukungu, kwa hiyo masweta yanaingia kwenye begi kabla ya kitu kingine chochote, na taa za nyuma ziwake hata mchana.

Bado viraka vya pancha, tyubu za akiba, na basi. Jumamosi naenda stendi ya Msamvu kuangalia lenye buti refu linaloelekea Arusha, nipatane na konda bei ya baiskeli mbili zilizotolewa tairi la mbele. Bei nataka niipate nikiwa bado sijalipa nauli.