Atokako, Aendako

Binti yangu alikuwa mezani na kitabu cha historia, ukurasa wa Kilwa. Picha ya Msikiti Mkuu ilichapwa kwa wino mwingi mpaka matao yote yamekuwa weusi mtupu. Nilidhani ataniuliza habari za dhahabu ya Sofala, au za Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, maana hayo ndiyo hutoka kwenye mtihani. Yeye akauliza, "Mama, mlipompeleka Bibi Mkubwa huku, mlilala wapi?"

Tulilala Kilwa Masoko. Karibu kila anayekwenda kuona Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, hulala Masoko, kwa sababu ndiko kwenye stendi, gati, ofisi ya kibali cha kuingia magofuni na nyumba za wageni. Kisiwa chenyewe unakiona ng'ambo, kipo karibu mno, na ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Wanadhani kuvuka ni jambo la kuamka na kwenda.

Safari ile Mjomba aliipanga kwa kuangalia mwezi kwanza, chumba baadaye. Mnamjua Mjomba, mtu wa bahari hata akiwa nchi kavu. Bibi alikuwa na magoti mabovu, na jambo kubwa lilikuwa moja: asitembezwe kwenye matope. Sasa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, hujaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Hiyo ndiyo saa mgeni ameshakunywa chai, ameshachukua kibali, anashuka gatini na kofia yake. Anakuta chombo kimekaa mbali, na akifika upande wa pili anateremshwa kwenye mawe na majani ya bahari, maji yakiwa magotini. Kijana hucheka. Bibi wa watu utamfanyaje?

Kila siku inayopita, maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi. Ukihesabu kutoka mwandamo wa mwezi mpaka tarehe 8, 9 au 10 ya mwezi wa Kiislamu, au ukingoje 23 mpaka 25, unakuta yanajaa karibu na adhuhuri. Tena hayo ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana. Unavuka saa 4 yakiwa yanapanda, unarudi saa 8 yakiwa yameanza tu kushuka, na pande zote mbili chombo kinasogea karibu na nchi kavu. Tulichagua Septemba, kusi, ule upepo wa kusini, likiwa limeanza kupoa. Mchana bado hupiga, lakini Kisiwani kiko kusini mwa Masoko, kwa hiyo ukirudi upepo unakusukuma, haukupigi usoni.

Tarehe ilipopatikana ndipo nikaambiwa, haya, tafuta chumba.

Nyumba ndogo ya wageni haipigiwi simu jioni. Jioni mapokezi pana watu, anayepokea anasema "ndiyo, ndiyo" huku anamhudumia mwingine, na zamu ikibadilika jina lako halimo popote. Nilipiga saa 5 asubuhi, wageni wa jana wakiwa wameondoka na vyumba vinafagiliwa. Saa hiyo ukiuliza jambo, mtu anaweza kwenda kuangalia. Nikauliza kama chumba kiko chini au kinapandiwa ngazi. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana kwa mwenye magoti swali hilo lina uzito kuliko feni. Kizingiti cha bafuni kina kimo gani. Umeme ukikatika, maji yanatoka kwenye tanki la juu au yanategemea pampu? Nyumba nyingi zina pampu, na hapo usiku wa giza ni wa ndoo vilevile. Chandarua ni cha duara au cha pembe nne? Cha duara kinamgusa mtu miguuni akilala, na mbu anamuuma kupitia hapohapo. Na baa iko upande gani? Kwa sababu Ijumaa na Jumamosi muziki wa baa hauna saa ya kulala, nikaomba chumba cha nyuma.

Mwisho nikauliza kama kuna semina wilayani wiki hiyo, au Mwenge wa Uhuru unapita. Hili watu hulisahau. Mwenge ukiingia wilayani, vyumba vyote hujaa maofisa, madereva na waandishi, na ahadi ya mdomo haihesabiki. Nikaambiwa hakuna. Nikatuma nusu ya fedha kwa simu, nikaomba nitumiwe ujumbe wenye tarehe na namba ya chumba: namba 3, chini, nyuma. Ujumbe ule sikuufuta.

Barabara siielezi sana. Kutoka Lindi unapanda basi la Dar, unapita Mchinga, unavuka Mbwemkuru, unashuka Nangurukuru. Kutoka hapo mpaka Masoko ni kilomita 30 hivi, na Hiace haziondoki mpaka zijae, kwa hiyo ukiwa na mtu mzima ni afadhali uagize gari mapema likusubiri njia panda. Mnaotoka Dar mna mambo yenu: ulizeni hali ya barabara kabla ya kulipa chumba, hasa kipindi cha masika. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata njia maeneo ya Somanga, na fedha ya chumba haikungoji.

Tulifika alasiri. Namba 3 ilikuwa na mtu. Semina ambayo haikuwepo ilikuwepo, tena imeongezewa siku. Nilitoa ujumbe, kijana wa mapokezi akausoma, akaenda kumwita mama aliyekuwa jikoni, mama akausoma pia, akapandisha mwanasemina ghorofani na begi lake. Kwa maelezo ni jambo refu, lakini kwa kweli halikufika hata muda wa kunywa soda.

Ninachokikumbuka ni daftari.

Lilikuwa daftari kubwa la kaunta, gamba gumu, kingo zimekatikakatika, na kijana alikuwa amepiga safu zake kwa rula na kalamu nyekundu: Tarehe, Jina, Kabila, Kazi, Atokako, Aendako, Kitambulisho, Chumba, Sahihi. Alipomaliza kutuandika sisi akamgeukia Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na kanga yake ya pili magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenyewe hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Naomba nikuandike."

Jina akalitaja lote, mpaka la babu yake, na likajaza mistari miwili. Kabila?

"La baba au la mama?"

"Lolote, bibi."

"Hakuna la lolote, mwanangu. Kama hutaki kuyaandika yote, acha."

Kijana akapiga kistari. Kazi, akasema mkulima. Kijana akashusha pumzi, akadhani yaliyobaki ni mepesi.

"Unatoka wapi, bibi?"

"Kisiwani."

Akanitazama mimi. "Mmetoka Kisiwani leo?"

Nikasema tumetoka Lindi. Bibi akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Huyo ndiye katoka Lindi. Mimi umeniuliza mimi."

Alikuwa ameolewa Lindi akiwa msichana. Huko alizaa, akazika, akalima mihogo na mikorosho ya kutosha kumfanya mtu wa popote. Kijana hakuyajua hayo, na Bibi hakuona haja ya kumweleza. Akaandika Kisiwani.

"Na unakwenda wapi?"

"Kisiwani."

Kalamu ikasimama. "Bibi, polisi wakija kukagua daftari wataona mtu katoka Kisiwani, kaja kulala hapa, kesho anakwenda Kisiwani. Wataniuliza."

"Waambie waje waniulize mimi."

Akaandika. Halafu akamsogezea kidau cha wino wa kidole gumba, maana ndivyo wanavyofanya kwa wazee. Bibi akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, akianzia ukingoni kabisa kulia mwa ukurasa. Safu ya sahihi ilikuwa nyembamba. Jina likavuka mstari mwekundu, likaingia kwenye Chumba, likapita juu ya ile namba 3 tuliyoigombania, na nukta za mwisho zikadondokea kwenye kitambulisho. Alikuwa anaandika polepole, ulimi nje kidogo, na watu wawili waliokuja kuchukua funguo wakasubiri bila kusema neno. Mjomba akataka kucheka, akaenda kucheka nje.

Kesho yake mambo yalikwenda kama maji yalivyopangwa. Chai tuliiagiza usiku, iwe mezani saa 12 asubuhi, kwa sababu ukiacha kuagiza mpishi anaanza kukanda chapati ukiwa umeshachelewa. Kibali tulikichukua Masoko kabla ya kuvuka, maana mambo hayo humalizwa huku. Bibi aliuliza kama mtu anayekwenda kwao naye analipa. Ofisa akacheka, Mjomba akalipa. Tuliazima kile kiti cha plastiki hotelini. Kikawekwa katikati ya mashua, nyuma kidogo ya mlingoti, si kando, kwa sababu kando chombo kikilala na kiti kinalala. Vijana wawili wakambeba Bibi akiwa amekaa. Maji yalikuwa yamejaa vizuri, na alishuka upande wa Gereza, ile ngome ya zamani, bila kulowa hata upindo wa kanga.

Wengine tulizunguka. Msikiti Mkuu uko karibu na pwani, na watoto walijificha kwenye ule ukumbi wa kuba na matao mpaka mwongoza wageni akawaambia kwamba sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11, na kwamba hizo kuta ni matumbawe na chokaa, kwa hiyo wasizipande. Husuni Kubwa iko mbali kidogo, mashariki, juu ya mwamba. Kwa miguu na watoto ni mwendo hasa, na njiani hakuna kivuli cha maana wala maji ya kununua. Kila mtu na chupa yake ya lita moja na nusu, na viatu vya plastiki, si ndala, kwa sababu ndala zinabaki kwenye matope. Bwawa la pembe nane liliwapendeza kuliko msikiti. Walitaka kujua sultani alikuwa anaogelea au anakaa tu pembeni.

Bibi hakwenda kokote huko. Aliwekwa kijijini, barazani kwa mwanamke wa makamo ambaye baada ya majina manne au matano alionekana kuwa mjukuu wa shangazi yake. Tuliporudi saa 7 na nusu tulimkuta amevua viatu. Akatuambia tuende zetu, yeye atalala pale.

Hapo ndipo pana mjadala, na haujaisha mpaka leo. Mimi nilisema haiwezekani: chumba kimelipiwa, vidonge vyake vya presha viko kwenye begi namba 3, maji yanaanza kupwa, na nahodha ameshatuita. Mwenyeji akasema kitanda kipo. Bibi hakubishana. Alinyamaza, akaomba viatu vyake, akabebwa na kiti chake mpaka chomboni, na njia nzima alikuwa anatazama mbele, Masoko, akiuliza mambo ya kawaida kabisa: bei ya samaki, usiku kuna feni au hakuna.

Mjomba anashikilia mpaka leo kwamba angeachwa. Kila Idi lazima alilete. Hoja yake ni ya bahari: kesho yake maji yangejaa dakika 50 baadaye tu, mashua ile ile ingekwenda kumchukua mapema mchana, na basi la Nangurukuru bado lingepatikana. Nimelipiga hesabu hilo mwenyewe mara nyingi, na kwa upande wa maji yuko sawa. Kwa upande wa presha simkubalii. Naye hujibu kwamba vidonge ningeweza kuvirudisha kwa mashua ya jioni, kwani vinapima kilo ngapi?

Bibi mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwahi kutuamulia. Akiulizwa alijibu kwamba chumba kilikuwa kizuri na choo chake kizuri.

Siku hizi nikimpangia mtu mzima safari ya Kisiwani, namwambia afungashe dawa za siku zote mara mbili: mafungu mawili yaliyojaa, moja libaki chumbani, jingine kwenye mkoba wa mashua pamoja na kanga ya akiba na tochi. Na chumba nalipia nusu, ile nyingine hulipwa asubuhi ya kuondoka, akiwa amelala humo au hakulala.