Bukavu hadi Hombo: namna ninavyobaki hewani

Mashariki mwa Kongo, kwenye njia ya Bukavu, Miti, Tshivanga, kisha msitu wa Kahuzi-Biega hadi Bunyakiri na Hombo, intaneti naihesabu kama bahati. Ninachokipangia ni SMS, na betri ya kuituma.

Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Antena inaweza kuwa kilomita 5 tu kutoka ulipo, na mgongo mmoja wa kilima katikati ukakunyima rezo (mtandao) kabisa. Ukipanda juu kwa miguu, inarudi. Ndiyo maana kila kijiji kina mti au jiwe ambapo watu husimama kupiga simu. Uliza liko wapi kabla hujauliza chakula.

Nabeba laini mbili za kampuni tofauti, zote zimesajiliwa mjini mapema. Kujua ipi inashika huko niendako, natazama namba za motari (madereva wa pikipiki) na wachuuzi wa njia hiyo: 081 na 082 ni Vodacom, 097 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange. Ikiwa wote wa Bunyakiri wanakupa namba za kampuni moja, jibu umelipata. Mega (vifurushi vya intaneti) nanunua za mwezi, hata zikiwa ghali. Za siku moja zinaisha muda ukiwa bado msituni hujafungua hata ujumbe mmoja.

Laini kuu inakaa kwenye simu ndogo ya vitufe, ya pili kwenye simu janja. Simu isiyo na rezo haipumziki: inatafuta antena tena na tena, na betri ya siku nzima inaweza kuisha mchana. Kwa hiyo simu janja inakaa kwenye hali ya ndege hadi tufike kileleni. Pale tunapojua kuna 2G peke yake, naifungia kwenye 2G ili isihangaike kutafuta 4G. Angalia pia jambo hili kabla ya kutoka: Android za karibuni zina kitufe cha kuruhusu 2G. Kikiwa kimezimwa, utasimama chini ya antena ya 2G na simu iseme hakuna huduma.

Ukiwa karibu na ziwa Kivu au mto Ruzizi, shida ni kinyume: simu inarukia rezo ya Rwanda na unite (salio) zinayeyuka. Nazima data ya ng'ambo na kuchagua mtandao wa Kongo kwa mkono. Ukishaondoka ufukweni, rudisha kwenye kuchagua yenyewe, la sivyo itang'ang'ania mtandao usiofika huko.

Sasa umeme, na hapa ndipo wengi hukosea. Wananunua betri ya akiba moja ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa). Mimi nachukua mbili za 10,000. Moja ya 10,000 ina takriban Wh 37 za nishati. Kwa chaja ya kawaida ya W 10 inajaa kwa saa 4 hadi 5. Ile kubwa inataka karibu saa 9, na jenereta ya kijijini huwashwa kwa muda wa saa 3 au 4 tu jioni: ndogo inakaribia kujaa, kubwa haifiki hata nusu. Usitarajie mAh zote zilizoandikwa pia: ukitoa hasara ya kupandisha volti na joto, inabaki kama asilimia 60 hadi 65, yaani simu ya mAh 5,000 inajaa mara moja na kidogo. Kwenye nyumba ya kuchajia naacha betri ya akiba tu. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, na chaja ikiungua heri iue betri hiyo kuliko simu yenye namba zote na pesa.

Paneli ya kukunja ya W 20 inafaa Bunyakiri kwenye uwanja wazi. Msituni ni mzigo. Ukiitumia, ichaji betri ya akiba, si simu moja kwa moja: kila wingu likipita, chaji hukatika na simu huamka upya.

Ramani napakua nzima kabla ya kuondoka. GPS haihitaji rezo, ila bila data kipimo cha kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa, umesimama mahali panapoonekana mbingu. Ukituma mahali ulipo kwa tarakimu za GPS (latitudo na longitudo), namba nne baada ya nukta zinatosha, makosa ni kama mita 11.

SMS moja ni herufi 160. Kiswahili kinaingia vizuri. É na è pia. Lakini ê, ô, ç ndogo au kikaragosi kimoja kinashusha kikomo hadi 70, na ujumbe unagawanyika vipande, kimoja kikapotea njiani. Wale tunaochanganya Kifaransa tuandike «foret» bila kofia.

Na aliyebaki Bukavu tunapatana nyakati mbili za kutuma, 07:00 na 18:00, zimeandikwa kwa tarakimu. Mmoja akihesabu saa za Kiswahili na mwingine za Kifaransa, mnapishana kwa saa 6. Ujumbe ni mahali, watu wangapi, tunaelekea wapi, betri asilimia ngapi. Ukikosekana mmoja, anasubiri. Ikikosekana miwili mfululizo, anampigia mtu wa kijiji cha mwisho tulichotaja, ambaye namba yake ameachiwa kwenye karatasi.