Siku moja maishani mwangu: kuikabili ripoti kubwa ninayotamani kuikwepa

Saa 1:30 asubuhi. Kazi ya leo ni kulinganisha safuwima ya bajeti na ile ya matumizi halisi katika jedwali la mwaka wa pili. Ripoti yenyewe ni ya tathmini ya mradi wa miaka mitano na ina sura nane, lakini neno “ripoti” siliandiki kamwe katika mpango wa siku, kwa sababu agizo kama “endelea na ripoti” halimwambii mtu aanzie wapi, naye asiyejua pa kuanzia hujikuta anasoma barua pepe.

Saa 2:00. Simu imezimwa na iko ndani ya droo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutekelezeka kwa urahisi zaidi inapofungwa na wakati au tukio mahususi, yaani likitokea hili, nitafanya lile. Kanuni yangu ni kwamba nikishaketi, faili la kwanza kufunguliwa ni jedwali. Hata hivyo dakika za mwanzo ni nzito, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo zima. Wengi huuita uzito huu uvivu. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya mwaka 2013, waliueleza uahirishaji kuwa ni njia ya kujipatia nafuu ya muda mfupi kutokana na hisia mbaya ambazo kazi huzusha. Naafikiana nao, kwa maana mwenye kuahirisha mara nyingi huchapa kazi kwelikweli: atapanga mafaili, atajibu barua zisizo na haraka, atazunguka mbuyu asubuhi nzima, alimradi asiiguse sura inayomtisha.

Saa 3:20. Tarakimu hazilingani. Nafuatilia hati moja baada ya nyingine hadi nagundua kwamba malipo ya huduma za Desemba yaliingizwa katika vitabu vya Januari, hivyo mwaka wa pili unaonekana umebana matumizi na wa tatu umeyafuja. Maelezo yake yanatosha katika sentensi mbili chini ya jedwali. Kilichokuwa kikiogopwa katika sura hii ni hicho tu.

Saa 5:00. Msimamizi anapiga simu kuuliza rasimu nzima itakuwa tayari lini. Swali hili ni mtego, kwani Daniel Kahneman na Amos Tversky walionesha tangu mwaka 1979 kwamba tunapokadiria muda wa kazi huwa tunaangalia mpango wetu wenyewe na kusahau jinsi kazi za aina hiyo zilivyochelewa zamani. Namwahidi sura ya 3 leo jioni, na namwomba yeye apange tarehe za sura zilizobaki. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch waliripoti mwaka 2002 kwamba tarehe za mwisho tunazojiwekea wenyewe husaidia, ila si sawasawa na zile zilizopangwa na mtu mwingine kwa nafasi zinazolingana.

Saa 7:00 mchana. Mapumziko, mbali na meza.

Saa 8:00. Naandika maelezo ya sura. Natumia vipindi vya dakika 25 alivyovibuni Francesco Cirillo, ingawa kwa maoni yangu vinafaa zaidi kumsukuma mtu aanze kuliko kumwongoza akishaanza. Kengele ikilia katikati ya aya inayotiririka, naizima na kuendelea. Sisahihishi chochote kwa sasa. Pale panapokosekana takwimu naweka alama ya njano na kusonga mbele, kwa kuwa kutafuta tarakimu moja ni kisingizio chenye heshima sana cha kuacha kuandika.

Saa 10:40 jioni. Natuma sura ya 3 ikiwa na alama zake za njano. Jibu linakuja papo hapo: “Nimeipokea, nitaisoma Alhamisi. Sura ya 4 naitaka Jumatano ijayo.” Sura hiyo inategemea mahojiano ambayo bado yamo katika rekodi za sauti, kwa hiyo kabla ya kuondoka namwandikia mtunza kumbukumbu anipatie rekodi ya kwanza kesho saa 2:00.