Siku moja ya afisa uhusiano, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijapiga mswaki nimeshapitia makundi ya WhatsApp. Usiku imesambaa barua yenye nembo ya taasisi yetu, inatangaza ajira. Muhuri umekaa vizuri, ila aliyesaini ni mkurugenzi aliyestaafu zamani.

Saa 1. Niko kwenye daladala kwenda Mtumba, Mji wa Serikali. Naandaa kanusho kwa simu: picha ya barua, neno FEKI jekundu limeikatiza katikati. Imeisha kabla hatujafika.

Saa 2 hadi saa 5. Hapa ndipo shughuli ilipo. Mkuu wa kitengo aone, wanasheria waone, mkurugenzi aridhie, naye yuko bungeni kwenye kamati, simu kazima. Ya mezani nayo hailali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Napiga toka Kondoa. Kijana wangu ameshatuma elfu thelathini ya fomu, anaripoti lini?"

Nikamwambia barua si yetu, wasitume tena hela, waende polisi na ujumbe wa muamala.

"Sasa mbona hamjasema?"

Saa 5 na ushee ndipo ikaingia sauti ya mkurugenzi: "Tupia."

Saa 6. Mkutano na waandishi. Tangu treni ya SGR ianze 2024, wa Dar wanakuja asubuhi na kugeuza jioni. Zamani ningepanga viti, nigawe taarifa, kesho yake nikate magazeti na mkasi nibandike kwenye faili. Leo mimi ndiye mpiga picha na mhariri, na bosi ananong'ona "wametazama wangapi?" mgeni rasmi hajamaliza hata salamu.

Saa 8. Ugali na mlenda, haraka haraka. Kijana wa mafunzo kwa vitendo kaandikiwa taarifa na akili mnemba. Kiswahili kimenyooka kuliko changu, lakini imemnukuu mkurugenzi maneno ambayo hakuyasema. Nimefuta.

Saa 9. Maswali ya Instagram. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatupa hadi siku 30 kumjibu mwombaji. Huku ukichelewa lisaa wanajibizana wenyewe, na jibu lao ndilo linalosambaa.

Saa 10. Naandika dokezo: barua feki zikanushwe papo hapo na kitengo, bila kusubiri ridhaa ya mkurugenzi. Dokezo lenyewe linahitaji ridhaa yake. Nimeliacha masijala.