Siku yangu ya mtihani wa mdomo wa PhD, saa kwa saa

Saa 10 na nusu alfajiri

Alamu niliiweka saa 11 ila macho yamefunguka yenyewe. Leo saa 8 mchana nakaa mbele ya watu wanne kwa masaa mawili, mtihani wa mdomo wa komprihensivu, yaani ule unaopima kama umeishika fani yako yote, na nikitoka salama naacha kuitwa mwanafunzi wa PhD naanza kuitwa mtahiniwa wa PhD. Kwa mtu wa nje hayo majina mawili yanafanana tu, lakini kwa sisi tuliomo ni mbingu na ardhi, maana ukishavuka hapo kozi zimeisha, mitihani imeisha, umebakiza utafiti na tasnifu, na Marekani wana mpaka kifupisho chake, ABD, yaani vyote tayari kasoro tasnifu. Rafiki zangu wanaosoma Uingereza hiki kitu wanakipitia kwa sura nyingine, wengi wanaandikishwa kwanza kama wa MPhil, shahada ya utafiti iliyo chini ya PhD, halafu baada ya mwaka hivi wanaandika ripoti, wanahojiwa, ndo wanapandishwa kwenda PhD. Jina tofauti ila presha ni ile ile.

Sijafungua makala yoyote mpya. Hilo nilijikataza toka juzi kwa sababu najijua, nikisoma kitu saa za mwisho kinafukuza vitu kumi nilivyokuwa nimevishika vizuri. Nilichofanya ni kuchukua karatasi moja na kuandika maswali sita ambayo sitaki kabisa kuulizwa, halafu nikayajibu kwa sauti, peke yangu, nimesimama. La tano nilishindwa. Nikaliwekea duara.

Saa 1 asubuhi

Njiani nawaza ile sehemu ya maandishi, wiki tatu zilizopita. Idara yetu inakupa maswali matatu na masaa 72 unaandikia nyumbani, vitabu vyote unaruhusiwa, na watu wakisikia vitabu ruksa wanadhani ni mteremko, kumbe ndo inakuwa ngumu zaidi kwa sababu hakuna anayetaka umtajie nani alisema nini, hilo kila mtu anaweza kufungua akaangalia. Wanataka uamue. Huyu na huyu wanapingana, wewe unasimama wapi na kwa nini? Mimi swali la kwanza niliandika kurasa nane za nani kasema nini, nikafuta zote usiku wa pili, nikaanza upya na sentensi moja inayosema ninachoamini mimi. Hizo kurasa nane ziliniuma sana lakini nisingezifuta leo nisingekuwa naenda popote.

Fani yangu ni epidemiolojia, yaani kuchunguza magonjwa yanavyosambaa kwa watu na kwa nini, na tasnifu yangu inahusu tafiti zinazofuatilia watu kwa miaka mingi, hasa wale washiriki wanaopotea katikati. Wapo mwaka wa kwanza, wapo wa pili, wa tatu hawaonekani tena. Unafanyaje na shimo hilo kwenye data? Hapo ndo napoishi mimi.

Saa 3 asubuhi

Hapa naomba msome taratibu hasa kama mtihani wenu uko mbele.

Nimeenda kuprinti fomu ya matokeo, ile ambayo kamati inasaini baada ya mtihani, fomu inatoka kwenye mfumo na majina yameshajazwa. Naangalia, jina la mjumbe wa nje ya idara ni la yule wa zamani! Yule profesa alienda likizo ya utafiti miezi miwili iliyopita, akapatikana mwingine, msimamizi wangu akakubali kwa imeli, mjumbe mpya akakubali kwa imeli, sote tukaridhika tukaendelea na mambo yetu. Lakini imeli siyo fomu. Na mwongozo wetu wa masomo ya uzamili unasema wazi kabisa, mabadiliko ya kamati lazima yaidhinishwe KABLA ya mtihani, mtihani uliofanywa na kamati ambayo haijaidhinishwa hauhesabiki. Namfahamu mtu aliyefaulu vizuri kabisa halafu akaja kuambiwa arudie kwa kosa hili hili, miezi minne imepotea, na hakuna aliyemwomba radhi.

Miguu iliniishia nguvu. Nikaenda ofisi ya masomo ya uzamili mbio. Mama wa dawatini akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tulia mwanangu, leta zile imeli mbili, jaza fomu ya mabadiliko sasa hivi, asaini mkuu wa idara, mimi namtafuta naibu mkuu wa kitivo. Saa 3 na nusu nipo kwa mkuu wa idara, yuko kikaoni. Saa 4 na robo ametoka, kasaini amesimama mlangoni. Saa 5 kasoro dakika kumi naibu kasaini. Mama akaiskani akaingiza kwenye mfumo, akageuza skrini nione mwenyewe neno "imeidhinishwa". Nilimshika mikono yote miwili. Watu kama huyu mama ndo wanaobeba PhD za watu na majina yao hayaandikwi popote, mimi la kwake litakuwepo kwenye ukurasa wangu wa shukrani.

Msimamizi wako hayajui yote haya. Ana wanafunzi saba, ana vikao, ana tafiti zake. Mwongozo ni wako, usome wewe, ukurasa kwa ukurasa, tena usome toleo la mwaka ulioingia wewe kwa sababu vyuo vingi vinakufunga na kanuni za mwaka wako wa kujiandikisha siyo za mwaka huu.

Saa 6 mchana

Dada mmoja wa mwaka wa nne amekubali kunihoji dakika arobaini. Aliniambia kitu kimoja tu nikakibeba: ukiulizwa, nyamaza kidogo kwanza, sekunde tano kwako ni ndefu ila kwao wanaona mtu anafikiri. Tukalirudia lile swali la tano. Bado halijakaa sawa.

Saa 8 mchana

Watu wanne mezani. Msimamizi, wawili wa idara, na yule mpya wa nje ambaye anatoka idara ya takwimu. Dakika ishirini za slaidi zangu zikaisha sijui hata nimezimalizaje, halafu maswali.

La kwanza likaja kama la utani. Profesa mmoja akauliza, "London, 1854, John Snow. Kuondoa mpini wa pampu ndiko kulikomaliza kipindupindu?" Sasa hii hadithi kila mwanafunzi wa fani yetu anafundishwa siku za mwanzo kabisa, daktari aliyekusanya vifo mtaa kwa mtaa akaona vimejikusanya kuizunguka pampu ya Broad Street, mpini ukatolewa tarehe 8 Septemba, watu wakapona, shujaa. Mdomo wangu ulishaanza kusema ndiyo. Nikanyamaza zile sekunde tano.

Nikasema hapana, hatuwezi kusema hivyo, maana vifo vilishaanza kushuka siku kadhaa kabla mpini haujatolewa, watu wengi walishahama mtaa, na Snow mwenyewe aliandika kwamba haiwezekani kuamua kama kisima kilikuwa bado na sumu wakati ule au maji yalishakuwa safi. Ushahidi wake wenye nguvu zaidi naona ni ule mwingine, wa kulinganisha nyumba zilizopata maji ya kampuni mbili, moja ilishahamishia chanzo chake sehemu ya juu ya mto Thames, kabla mto haujafika jijini, mwaka 1852, nyingine bado inavuta maji penye uchafu wa jiji, na nyumba za kampuni hizo zimechanganyikana kwenye mitaa ile ile, kwa hiyo utajiri au umaskini wa mtaa hauwezi kueleza tofauti ya vifo. Akauliza, kwa hiyo tumpunguzie heshima? Nikasema mimi namheshimu zaidi kwa sababu alijua ushahidi wake unaishia wapi akaandika hivyo hivyo. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui nini.

Halafu likaja lile la tano. Lile lenye duara! Na limeletwa na yule wa takwimu, yule ambaye asubuhi jina lake halikuwepo hata kwenye fomu. "Unasema washiriki wako wanapotea kwa sababu zinazoonekana kwenye data zako, umri, umbali, elimu. Utajuaje kwamba hawapotei kwa sababu ya ugonjwa wenyewe?"

Niwaeleze kidogo uzito wake. Toka mwanatakwimu Donald Rubin alipoandika mwaka 1976 tunagawa upotevu wa data kwa namna tatu. Kuna upotevu wa bahati tupu, kuna unaoelezeka na vitu ambavyo tayari umevipima, na kuna unaotokana na kile kile ambacho hukukiona. Mbinu yangu yote imejengwa juu ya ule wa pili. Kama ukweli ni ule wa tatu, yaani mtu ameacha kuja kwa sababu ameumwa sana na kuumwa kwenyewe ndo kitu ninachopima, basi namba zangu zimepinda na hazitoi ishara yoyote kwamba zimepinda.

Nilichoshindwa alfajiri ni kwamba nilikuwa natafuta jibu la kumshinda muulizaji. Pale mezani nikaona halipo. Nikasema, "Profesa, sitajua. Data nilizonazo haziwezi kunitofautishia hayo mawili, na hakuna kipimo cha takwimu kitakachoniambia kwa data hizi peke yake." Kimya. Nikaendelea, ninachoweza kufanya ni kudhani kwamba nimekosea, nidhani waliopotea wana ugonjwa mara moja na nusu zaidi, mara mbili, mara tatu, nirudie hesabu kila mara nione ni wapi hitimisho langu linaanguka, na kama linaanguka mapema niseme hivyo kwenye tasnifu. Tena naweza kuomba kibali nitafute sehemu ndogo ya waliopotea, hata hamsini, niwaulize moja kwa moja.

Akasema, "Hilo la hamsini halimo kwenye proposo yako." Nikasema halimo, ni kweli. Akasema liweke.

Tukaendelea karibu saa nzima zaidi, maswali ya makala, ya maadili ya utafiti, moja la mwanatakwimu Bradford Hill na mitazamo yake tisa ya mwaka 1965 ya kupima kama kitu kimoja kweli kinasababisha kingine, ambayo watu wanaigeuza orodha ya kutiki wakati yeye mwenyewe alikataa isichukuliwe hivyo. Moja nilikosea kabisa, nikarekebishwa, nikasema asante.

Saa 10 na dakika tano

Nje ya mlango. Dakika kumi na saba, nilihesabu. Msimamizi akafungua, akaniita kwa neno "mtahiniwa", na machozi yakanitoka pale pale, sijali.

Nimefaulu kwa masharti. Kwetu kuna matokeo manne, kufaulu, kufaulu kwa masharti, kurudia mara moja tu, na kuondolewa kwenye programu. Sharti langu ni kuandika upya sura ya mbinu ndani ya siku 30 na kuongeza wale hamsini, na kwa kuwa nimeongeza watu, kibali cha maadili lazima kifanyiwe marekebisho kabla sijamgusa hata mmoja. Saini nne kwenye fomu, majina manne sahihi.

Saa 11 jioni

Nimebaki na msimamizi dakika ishirini kuhusu tasnifu yenyewe, maana kamati imekubali niandike kwa mtindo wa makala tatu badala ya kitabu kimoja. Watu wanaukimbilia huu mtindo wakidhani unabana makala tatu pamoja umemaliza. Kwetu lazima niwe mwandishi wa kwanza kwenye zote, kila mwandishi mwenza asaini tamko la nani alifanya nini, makala ikishachapishwa niombe ruhusa ya mchapishaji kuiweka kwenye tasnifu, halafu niandike utangulizi na sura ya mwisho zinazofanya hizo tatu ziwe hoja moja. Hiyo sura ya mwisho ndo inawaangusha wengi. Kuna mambo madogo pia, pambizo ya kushoto pana zaidi kwa ajili ya jalada, ikisiri isiyozidi maneno 350, namba ya ORCID inayomtambulisha mtafiti, ripoti ya ukaguzi wa wizi wa maandishi, na uamuzi wa mapema kama tasnifu ifunguliwe kwa wote mtandaoni au ifungiwe kwa muda. Nimeshusha templeti ya chuo leo leo. Kuna watu wameandika kurasa 250 kwenye faili lao ndo wakaanza kuhamisha pambizo na namba za kurasa wiki ya kuwasilisha, sitaki hiyo wiki.

Saa 2 usiku

Kichwa kizito ila sikulala. Nimeweka tarehe tatu kwenye kalenda, siku ya 10 rasimu ya sura ya mbinu, siku ya 20 kwa yule profesa wa takwimu kwanza kabla ya wengine, siku ya 30 mwisho. Na ya nne, miaka mitano kutoka leo, ndo ukomo wangu wa utahiniwa.

Kuna mdogo wangu wa darasani ana mtihani wake Jumanne. Nimemwandikia: fungua mfumo sasa hivi, angalia majina ya kamati yako. Amejibu baada ya dakika tatu, "Dada, kuna moja siyo lenyewe."

Nimempa namba ya dawati la yule mama. Ofisi inafunguliwa saa 2 asubuhi, nimemwambia awe mlangoni saa 1 na nusu, nami nitakuwepo.